Barua mbili zimeshonana katika sanduku moja: faili la .lock linamzuia nani hasa?

mtunzaseva aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika chuo kidogo. Nimerithi mfumo wa barua pepe uliosimikwa na walionitangulia, na sasa nimefika mahali ambapo nahitaji macho ya watu wengine.

Mfumo wenyewe una mashine mbili za Debian (aina ya Linux). Ya kwanza hupokea barua kutoka nje kwa Postfix, kisha Postfix humkabidhi procmail kila barua ili aiweke katika sanduku la mhusika. Ya pili huendesha Dovecot, na ndiyo ambayo watumishi huunganisha programu zao za kusomea barua. Masanduku ni ya mtindo wa mbox: kila mtumishi ana faili moja refu ndani ya /var/mail, barua zikifuatana moja chini ya nyingine, na saraka hiyo yote imo katika seva ya faili ambayo mashine zote mbili huifikia kwa NFS toleo la 3, yaani itifaki ya kufikia mafaili kupitia mtandao.

Wiki iliyopita mhasibu alinipigia simu kwamba ankara aliyotumiwa ina kiambatisho kisichofunguka. Nilipolisoma faili lake kwa amri ya less, nilikuta katikati ya ile mistari mirefu ya herufi zisizosomeka, tena pale ambapo mstari haujafika mwisho, umechomekwa mwanzo wa barua nyingine kabisa, yaani mstari wake wa "From " na mistari ya "Received:" iliyofuata, kutoka kwa mtu anayetuuzia karatasi. Kwa kuwa ule mstari wa "From " unaotenganisha barua na barua haukuanzia ukingoni, programu yake ilizihesabu barua mbili kuwa moja.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika. Mashine ya kupokea barua, ambayo betri yake ya akiba imechoka, ilizimika papo hapo, lakini seva ya faili na mashine ya Dovecot ziliendelea. Mashine ilipowaka tena, barua za watu wote ziliingia isipokuwa za ofisi ya usajili. Ndani ya /var/mail nilikuta faili dogo lenye jina usajili.lock, nikaogopa kuligusa. Zilipopita kama dakika 17 tangu umeme ukatike, lilitoweka lenyewe na barua zikamiminika. Kinachonishangaza ni kwamba muda wote huo karani wa usajili alikuwa anasoma na kufuta barua zake za zamani bila kuzuiwa na chochote.

Niseme pia kwamba kila usiku saa 8 mashine ya kupokea huendesha skripti yangu ya nakala za akiba, na nilijitahidi kuheshimu hayo makufuli:

```
if [ ! -f /var/mail/$u.lock ]; then
    touch /var/mail/$u.lock
    cp -p /var/mail/$u /akiba/$u
    rm -f /var/mail/$u.lock
fi
```

Naomba kujua faili hili la .lock linafanya kazi gani hasa, ikiwa lilikuwepo na karani akaendelea kufuta barua. Na je, ni salama kuweka amri ya kufuta mafaili yote ya .lock kila mashine inapowaka?

---

Bi Nyaya alijibu:

Pole kwa kazi, kaka. Ushauri wangu ni mfupi: achana na mbox, hamia Maildir. Katika Maildir, ambayo ilikuja na qmail ya Daniel J. Bernstein miaka ya 1990, kila barua ni faili lake peke yake. Huandikwa kwanza ndani ya saraka ya tmp, na inapokamilika huhamishiwa new kwa tendo moja lisilogawanyika, kwa hiyo hakuna msomaji anayeweza kukutana na barua iliyoandikwa nusu, wala hakuna haja ya mtu kumsubiri mwenzake. Haya ya kupigana na makufuli tuliyaacha zamani ofisini kwetu.

Kuhusu kufuta .lock mashine inapowaka, sioni ubaya. Kama mashine ndiyo kwanza inawaka, hakuna programu yoyote iliyokuwa inaandika.

---

Kitasa alijibu:

Ndugu mtunzaseva, karani wako wa usajili amekupa jibu lote bila yeye mwenyewe kujua.

Faili la usajili.lock halina nguvu yoyote juu ya faili la usajili. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haijui kwamba majina hayo mawili yana uhusiano. Lichukulie kama ndoo iliyotangulizwa bombani: ndoo haina mikono ya kumzuia mtu, na foleni inasimama kwa sababu kila anayekuja anaiona na anajua maana yake. Akitokea mmoja asiyeitambua desturi hiyo, atakinga maji yake na kuondoka, na ndoo yako itabaki pale pale. Procmail iliweka ndoo, umeme ukakatika kabla haijaiondoa, na procmail zilizoamka baadaye zikaiheshimu. Dovecot ilipita pembeni yake. Hii maana yake ni kwamba Dovecot yako haipangi foleni hiyo, na ikiwa haikupanga siku ya umeme, basi haikupanga siku ya ankara pia.

Hizo dakika 17 zimenifurahisha, kwa sababu si bahati nasibu. Procmail ina kigezo kinachoitwa LOCKTIMEOUT, na thamani yake ya kawaida ni sekunde 1024, yaani dakika 17 na sekunde chache. Kufuli likishapita umri huo bila kuguswa, procmail huamini kwamba mwenyewe amekufa na hulivunja. Tazama katika kumbukumbu zake na utakuta mstari unaoanza na "Forcing lock on".

Sasa tuitazame ankara kwa karibu. Kuandika barua mpya katika mbox ni kuongeza mwishoni mwa faili, lakini kufuta barua iliyo katikati ni kazi nzito zaidi: Dovecot hulazimika kuzisogeza juu barua zote zilizo chini ya ile iliyofutwa, kisha kulikata faili mwishoni ili liwe fupi kwa kiasi kile kile. Ninachokisia ni kwamba procmail ilikuwa inaandika ile ankara, kiambatisho kikiwa nusu, wakati mhasibu anafuta barua fulani ya zamani. Dovecot ilipima urefu wa faili kama ulivyoonekana dakika ile, ikasogeza ilichokiona, ikakata. Mkia wa kiambatisho ulioandikwa baada ya kipimo hicho ukaenda na mkato. Barua ya muuza karatasi ilipofika, ikaongezwa mwishoni mwa faili kama kawaida, isipokuwa mwisho huo sasa ulikuwa katikati ya mstari. Nikiwa nimekisia sawasawa, ule mkia hautaupata popote ndani ya faili.

Kuna makufuli ya aina mbili ambayo programu za barua hutumia, na inafaa kuyatofautisha. La kwanza ni hilo la nukta, ambalo hushikilia jina: anayefanikiwa kuunda usajili.lock ndiye mwenye zamu. La pili ni la fcntl, ambalo huombwa kwa kerneli na hushikilia inodi, yaani faili lenyewe lilivyo diskini, bila kujali jina. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mtu akisafisha sanduku kwa sed -i, amri ya kuhariri faili, sed huunda faili jipya na kulipa jina la zamani, na procmail iliyokuwa imeshika kufuli la fcntl inabaki imeshika faili ambalo halina jina tena. Itaandika barua yake kwa utulivu kabisa, itaripoti kwamba imefaulu, na hakuna atakayeiona barua hiyo milele. Kufuli la nukta lingemkinga, ila kwa sharti kwamba huyo mwenye sed naye amelichukua.

Kwa upande mwingine, kufuli la nukta peke yake halitoshi juu ya NFS. Mteja wa NFS, yaani mashine inayolifikia faili kupitia mtandao, huweka akilini urefu wa faili aliouona mara ya mwisho, na itifaki yenyewe haina tendo la kuongeza mwishoni. Mteja huliigiza kwa kuuliza mwisho uko wapi kisha kuandika pale, na wawili wakifanya hivyo kwa pamoja wanaweza kuandikiana juu. Kufuli la fcntl linalopitia kwa seva humlazimisha mteja wa Linux kuhakiki upya anachokijua juu ya faili kabla ya kuendelea. Ndiyo maana kanuni za Debian zinadai yote mawili kwa kila programu inayogusa sanduku la barua.

Naomba uendeshe amri hizi, ya kwanza kwenye mashine ya kupokea, ya pili kwenye mashine ya Dovecot, ya tatu kwenye zote mbili, na utuletee majibu:

```
procmail -v
doveconf mbox_read_locks mbox_write_locks
grep /var/mail /proc/mounts
```

Usipoteze muda na kigezo cha mailbox_delivery_lock cha Postfix. Kinatawala pale Postfix inapoandika sandukuni kwa mkono wake, na kwako mwandishi ni procmail.

---

mtunzaseva alijibu:

Mwalimu Kitasa, nashukuru sana. Nimefuata kama ulivyoelekeza na haya ndiyo niliyoyakuta.

Procmail inaandika kwamba mbinu zake za kufunga ni "dotlocking, fcntl()", yaani kufuli la nukta na la fcntl. Dovecot inasema mbox_read_locks ni fcntl, na mbox_write_locks nayo ni fcntl peke yake. Katika /proc/mounts, mashine zote mbili zinaonyesha vers=3, nolock na local_lock=all kwa /var/mail.

Kwenye faili la usanidi la Dovecot kuna maelezo ya aliyenitangulia. Ameandika kwamba aliondoa dotlock kwa sababu Dovecot ilikuwa inalalamika kila mara kuwa haina ruhusa ya kuunda mafaili ndani ya /var/mail, na alipoiondoa malalamiko yalikoma. Sikupata maelezo juu ya nolock.

Nimeutafuta mkia wa ankara kwa kuomba msambazaji anitumie tena faili lile lile na kulinganisha mistari yake ya mwisho na sanduku zima. Haupo. Mhasibu naye anakumbuka kwamba asubuhi hiyo alikuwa anafuta matangazo kwa sababu sanduku lilikuwa linakaribia kujaa.

---

Zamu ya Usiku alijibu:

Naomba nipokee hapa, kwa kuwa yaliyobaki nimeyapitia mwenyewe mahali nilipofanya kazi zamani, tena na skripti inayofanana sana na ya kwako.

Kwanza hiyo nolock. Katika NFS toleo la 3, maana yake ni kwamba maombi ya kufuli la fcntl hayaendi kwa seva. Kila mashine huyatimiza ndani yake, kwa hiyo kufuli linazuia michakato ya mashine hiyo hiyo tu. Procmail huku imefunga, Dovecot kule imefunga, kila moja ina hakika kwamba iko peke yake. Ukiunganisha na Dovecot isiyotumia nukta, mashine zako mbili hazikuwa na kufuli hata moja la pamoja. La kushangaza ni kwamba barua zilizoharibika si nyingi zaidi.

Watu huweka nolock pale huduma ya rpc.statd isipofikika kwa sababu ya ukuta wa moto, kwa kuwa katika toleo la 3 kufunga ni huduma ya pembeni yenye milango yake. Ukiweza kuhamia toleo la 4, kufunga kumo ndani ya itifaki yenyewe na tatizo hilo linakwisha. Ukibaki na la 3, ondoa nolock na ufungue milango inayohitajika kati ya mashine hizo tatu.

Pili, yale malalamiko ya ruhusa yalikuwa ya haki na dawa yake haikuwa kuondoa kufuli. Saraka ya /var/mail katika Debian ni ya root na kundi la mail, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuunda faili ndani yake. Katika Dovecot 2.3 unaandika hivi:

```
mail_privileged_group = mail
mbox_write_locks = dotlock fcntl
mmap_disable = yes
mail_fsync = always
```

Mstari wa kwanza huipa Dovecot uwezo wa kundi la mail kwa kazi chache tu, ikiwemo ya kuunda kufuli. Miwili ya mwisho inahusu NFS. Kuhusu mpangilio katika mstari wa pili, angalia kwamba nimetanguliza nukta, kwa sababu procmail hutanguliza nukta. Kanuni za Debian zinapendekeza kinyume, fcntl kwanza, na sina ugomvi nazo, ila zote mbili lazima ziende njia moja. Procmail ikishika nukta na kusubiri fcntl, huku Dovecot imeshika fcntl na inasubiri nukta, watasubiriana hadi mmoja achoke. Kanuni hizo hizo zinaongeza kwamba anayekosa kufuli la pili aliachie la kwanza, apumzike kwa muda usiotabirika, kisha aanze upya, lakini si kila programu ina adabu hiyo.

Sasa skripti. Kati ya mstari unaouliza kama kufuli lipo na mstari unaoliunda kuna mwanya. Ni mdogo, labda sehemu ndogo sana ya sekunde, ila procmail inaweza kuingia hapo hapo na kuunda kufuli lake. Touch yako haitalalamika, maana touch hairudishi kosa faili likiwa limeshakuwepo. Hubadilisha tu saa yake. Utanakili sanduku linaloandikwa, na ukimaliza, rm yako itafuta kufuli la procmail ilhali procmail bado inaandika. Hapo mtu wa tatu ataingia akiamini kwamba njia ni nyeupe. Mara nyingi skripti ya namna hii hufanya kazi miezi mingi bila tatizo, ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu kwamba ni mbovu.

Kuuliza na kuunda lazima viwe tendo moja. Programu humwambia kerneli: unda faili hili, na kama lipo tayari, shindwa. Hiyo ndiyo kazi ya O_EXCL. Katika NFS toleo la 2 haikuwepo, na Linux iliitimiza sawasawa kuanzia toleo la 3 na kerneli 2.6. Wakongwe walitumia ujanja ambao mimi bado naupenda: unaunda faili lenye jina lako peke yako, lililochanganya jina la mashine na namba ya mchakato, kisha unajaribu kulipa jina la pili, usajili.lock, kwa link. Jina likiwa limeshachukuliwa, unashindwa. Na kama mtandao umekatika kabla jibu halijarudi, huhitaji kubahatisha, kwani unalitazama faili lako mwenyewe na kuhesabu majina yake. Yakiwa mawili, kufuli ni lako.

Wewe huna haja ya kuandika hayo. Kuna amri ya dotlockfile ambayo hufanya kazi hiyo kwa njia iliyo salama juu ya NFS:

```
dotlockfile -l -r 5 /var/mail/$u.lock || continue
cp -p /var/mail/$u /akiba/$u
dotlockfile -u /var/mail/$u.lock
```

Usiongeze -p, ambayo huandika namba ya mchakato ndani ya kufuli. Namba hiyo ina maana kwenye mashine moja. Mchakato namba 2210 wa mashine yako si mchakato namba 2210 wa mashine ya Dovecot.

Kuna mtego mmoja umebaki, na huu ndio ulioniuma mimi. Kila programu ina uvumilivu wake. Procmail husubiri sekunde 1024 kama ulivyoona. Postfix inapoandika yenyewe huliona kufuli kuwa limekufa baada ya sekunde 500. Dotlockfile hutumia dakika 5. Dovecot ndiyo yenye haraka kuliko wote: ikiona kufuli lipo lakini hakuna kinachobadilika kwa dakika 2, hulivunja. Nakala ya sanduku kubwa kupitia mtandao mzito inaweza kuchukua zaidi ya hapo, na kwa kuwa kunakili hakubadilishi sanduku, Dovecot itakuhesabu kuwa umekufa ilhali unafanya kazi. Basi wakati wa kunakili endesha pembeni dotlockfile -t kila baada ya sekunde 30 au zaidi kidogo, ili saa ya kufuli isonge mbele, na uisimamishe unapomaliza. Hakikisha pia kwamba saa za mashine zote tatu zinafuata chanzo kimoja, kwa sababu saa ya kufuli hutoka kwa seva ya faili, na programu inayopima umri wake kwa saa yake yenyewe iliyotangulia dakika kadhaa itamwona kijana kuwa mzee.

Mwisho, kufuta .lock zote mashine inapowaka. Dada Bi Nyaya angekuwa sahihi kama /var/mail ingekuwa ya mashine moja. Hapa mashine ya kupokea ikiwaka, ile ya Dovecot haijazimika, na usajili.lock unayoifuta inaweza kuwa ni yake, imeundwa nusu sekunde iliyopita. Acha yavunjwe na programu zenyewe kwa muda wake. Kama dakika 17 ni nyingi kwenu, punguza LOCKTIMEOUT katika /etc/procmailrc, lakini usishuke chini ya muda ambao barua kubwa kuliko zote huchukua kuandikwa.

---

Bi Nyaya alijibu:

Nakubali kusahihishwa kuhusu kufuta .lock. Nilisoma haraka na NFS ikanipita. Kuhusu Maildir bado nina msimamo wangu: mambo yote haya ya nani avumilie dakika ngapi yanatokana na kulazimisha watu wote waandike katika faili moja.

---

Kitasa alijibu:

Hakuna anayekupinga, dada, na mimi mwenyewe ningehamia huko likizo ya chuo ikifika. Ila hata huko usitarajie kuachana na makufuli moja kwa moja. Fungua saraka yoyote ya Maildir inayohudumiwa na Dovecot yenye shughuli nyingi, na mara kwa mara utaona faili la dovecot-uidlist.lock likitokea na kupotea. Barua hazihitaji kufuli, lakini orodha ya namba zake ni faili moja, na kila faili moja lenye waandishi wawili hurudi kwenye foleni ile ile ya bombani. Pia ndugu yetu ajiandae kwa nakala za akiba: badala ya mafaili makubwa machache atakuwa na madogo maelfu kwa maelfu, na kuyapitia kwa NFS kila usiku si kazi ya dakika mbili.

Jambo moja nililosahau kuuliza: je, kuna watumishi wenye faili lao la .procmailrc? Kanuni inayoanza na `:0` bila nukta mbili za mwisho huandika sandukuni bila kufuli la nukta. Inayoanza na `:0:` ndiyo inayoomba kufuli. Sanduku kuu procmail hulifunga yenyewe inapofikia mwisho wa kanuni zote, lakini faili ambalo mtumishi amelitaja kwa mkono wake halifungwi mpaka aombe.

---

mtunzaseva alijibu:

Ndugu zangu, natoa taarifa.

Nimehamia NFS toleo la 4 jana usiku, nolock haipo tena, na Dovecot sasa ina mail_privileged_group pamoja na mpangilio wa dotlock fcntl. Skripti nimeibadilisha. Mafaili ya .procmailrc nimeyakuta saba, na matatu kati yake yalikuwa na `:0` isiyo na nukta mbili za mwisho, yote yakielekeza barua za orodha za majadiliano katika mafaili ya pembeni. Nimeyarekebisha na kuwajulisha wenyewe. Saa ya mashine ya Dovecot ilikuwa mbele ya seva ya faili kwa karibu dakika 4, nayo sasa inafuata chanzo kimoja na nyingine.

Kisha nikajaribu. Nikiwa kwenye mashine ya kupokea, niliunda kufuli la sanduku langu mwenyewe kwa dotlockfile, nikajitumia barua kutoka nje, na kupitia programu ya kusomea nikafuta barua moja ya zamani. Safari hii barua mpya haikuingia, na ile ya zamani haikufutika: programu ilisimama, na Dovecot ikatoa taarifa kwamba sanduku limefungwa na kwamba itakata tamaa baada ya sekunde kadhaa. Nilihesabu hadi sitini, nikaliachia kufuli. Barua ya zamani ikafutika mara moja, na ile mpya ikafuata sekunde chache baadaye, ikiwa nzima pamoja na kiambatisho chake.

Karani wa usajili amenipigia asubuhi hii kulalamika kwamba kufuta barua siku hizi kunachelewa kidogo kuliko zamani.